Old Fashioned ya ganda la chungwa: mwongozo kamili wa kuitengeneza nyumbani

Ukipita stendi yoyote ya Dar mchana utamkuta muuza machungwa na kisu chake, anazungusha chungwa mkononi na lile ganda la kijani linateremka jembamba kama utepe, halikatiki mpaka mwisho, na chungwa linabaki jeupe. Wewe unapewa chungwa, ganda linabaki chini linakanyagwa. Sasa ile harufu iliyokufanya usimame ununue, ile inayokupiga puani kabla hujamfikia, haitoki kwenye nyama ya chungwa, inatoka kwenye lile ganda lililotupwa. Mi nimekulia Muheza, kwenye machungwa, na utotoni tulikuwa tunakamuliana maganda machoni, aliyewahi kufanyiwa hivo anajua yale mafuta yanawasha kiasi gani. Ndo hayo hayo mafuta ninayokuja kukueleza leo namna ya kuyaingiza kwenye glasi ya bourbon (wiski ya Marekani), kwa sababu kokteili nyingi za machungwa zinazotengenezwa nyumbani zinaharibika sehemu moja tu, mtu anakamulia juisi mahali palipotakiwa ganda.

Kokteili yenyewe ni Old Fashioned. Ni ya Marekani na ni ya zamani sana. Mwaka 1806 gazeti moja la mji wa Hudson, jimbo la New York, lilijibu swali la msomaji aliyetaka kujua kokteili ni kitu gani, likasema ni pombe kali ya aina yoyote, sukari, maji na dawa chungu. Basi, vitu vinne. Baadae kwenye karne ya 19 wauza baa wakaanza kuongeza likea (pombe tamu zenye ladha) za kila namna, wateja wengine wakachoka wakawa wanaagiza wiski yao kwa mtindo wa kizamani, na jina likabaki hapo. Watu wa Louisville, Kentucky, wanasema kinywaji hiki kilizaliwa kwao kwenye klabu ya Pendennis, ila klabu hiyo ilianzishwa 1881 na habari za kokteili za kizamani zilishatajwa magazetini kabla ya hapo, kwahiyo hilo dai mi silishiki. Kinachonihusu ni kwamba tunachotengeneza leo bado ni vile vitu vinne vya 1806, tunachobadilisha ni sukari tu, tunaifanya inywe mafuta ya machungwa kabla haijaingia kwenye glasi.

Mahitaji

Kwa glasi moja: bourbon mililita 60, shira ya maganda mililita 7 na nusu (kijiko kimoja cha chai na nusu), Angostura (ile dawa chungu) mitikiso miwili, ganda moja bichi la chungwa, barafu. Kwa shira: machungwa manne mpaka matano, sukari gramu 150, maji mililita 100.

Vyombo usihangaike navyo. Kipimo kizuri kuliko vyote nyumbani ni sirinji ya dawa ya mtoto ya mililita 10, duka la dawa lolote wanayo na haikosei. Kama una kitoti cha kupimia, sawa, ila kiangalie kwanza ni cha ngapi maana kuna vya 25 na vya 30, na tofauti hiyo ukiizidisha mara mbili tayari umebadilisha kinywaji. Glasi moja kubwa ya kukorogea (hata jagi dogo la kioo), kijiko kirefu, chujio la chai, kifaa cha kumenyea karoti au kisu kikali, na glasi fupi nene ya kunywea. Kinu cha kutwangia vitunguu saumu kitatusaidia pia, ila kioshe vizuri sana, harufu ya saumu ikiingia kwenye shira hakuna namna ya kuitoa.

Kuchagua bourbon

Bourbon ni wiski ya Marekani na ina sheria zake. Nafaka lazima angalau asilimia 51 iwe mahindi, ikae kwenye pipa jipya la mwaloni lililochomwa ndani, isiongezwe rangi wala ladha, na ikifika kwenye chupa isiwe chini ya asilimia 40. Hilo pipa jipya lililochomwa ndo linatupa ile vanila na ule utamu wa sukari iliyoungua, na hapo ndipo chungwa linapokubaliana nayo, chungwa na vanila ni marafiki wa siku nyingi, jaribu kukumbuka keki yoyote ya chungwa uliyowahi kula.

Angalia nguvu ya chupa kabla ya jina. Bourbon ya asilimia 40 kama Jim Beam ya lebo nyeupe inafaa kabisa, ila barafu ikianza kuyeyuka inalegea mapema. Mi napenda ya 45 na kuendelea: Maker's Mark na Buffalo Trace ziko 45, Wild Turkey 101 iko 50 na nusu na hiyo inavumilia barafu na sukari bila kupotea. Maker's Mark wanatumia ngano badala ya ile nafaka wanayoita rai, kwahiyo ni laini na tamu, na ukiitumia punguza shira iwe mililita 5 tu. Kama ulichonacho ni Jack Daniel's itumie bila wasiwasi, ni wiski ya Tennessee, wanaipitisha kwenye mkaa kabla ya kuiweka kwenye mapipa, kinywaji kitatoka vizuri tu. Usinunue chupa ya bei mbaya kwa kazi hii. Na nunua duka unaloliamini, angalia kifuniko na mhuri, maana pombe kali za kughushi zipo na zinaua.

Kuchagua machungwa

Hapa ndo nataka tukae kidogo. Video nyingi za huko nje utaona wanatumia machungwa ya rangi kali yanayong'aa, na mtu wa huku anadhani chungwa letu la kijani halifai. Linafaa! Chungwa linageuka rangi likipata usiku wa baridi, baridi ndo inaondoa ile klorofili ya kijani kwenye ganda, na kwetu Tanga usiku ni joto kwahiyo linaiva ndani huku nje bado kijani. Rangi haisemi chochote kuhusu mafuta. Kwa pua yangu ganda la kijani ni kali zaidi, lina kaharufu kama ka majani mabichi kwa mbali, na hiyo ukali mi naipenda zaidi kwenye bourbon kuliko ule utamu wa machungwa ya kutoka nje.

Namna ya kujua chungwa lenye mafuta: likune kidogo kwa ukucha alafu nusa. Harufu ikiruka mpaka puani bila kuitafuta, chukua. Ganda liwe limekaza na limejaa, lenye vitundu vidogo vidogo vinavyoonekana, hivo vitundu ndo vifuko vya mafuta. Chungwa lililokaa siku nyingi mpaka likasinyaa juisi inaweza kuwa tamu sana ila ganda limeshakauka, hilo kula.

Machungwa ya kutoka nje mengi yamepakwa nta ili yang'ae na yasinyauke, kwahiyo yamwagie maji ya moto (sio yanayochemka) uyasugue kwa brashi safi alafu ufute. Ya kwetu mara nyingi hayana nta ila yana vumbi na pengine dawa ya shamba, yaoshe vile vile, tunakwenda kutumia sehemu ambayo huwa haliwi.

Na sio lazima chungwa peke yake. Chenza lina harufu tamu, laini, ila ganda lake ni jembamba na linachanika, changanya moja kwenye machungwa matatu. Limau linaamsha, ganda la limau moja kwenye shira nzima linatosha. Balungi ni zuri kwa wanaopenda uchungu. Ukibahatika kupata danzi, lile chungwa chungu la pwani, usiliache: ganda la danzi ndo linatumika duniani kwenye marmaledi na kwenye likea za machungwa, kwahiyo una dhahabu mkononi. Ndimu mi siiweki kwenye Old Fashioned, naona inagombana na vanila ya bourbon, inageuza kinywaji kizima kiwe kama dawa ya kikohozi.

Hatua ya kwanza: shira ya maganda (anza asubuhi kama utakunywa jioni)

Shira unaijua, ile ya kaimati. Tofauti hapa ni kwamba hatuichemshi. Sukari kavu ina tabia ya kuvuta mafuta kutoka kwenye ganda, unaiacha ifanye kazi yenyewe taratibu, na moto ungefukuza ile harufu ambayo ndo tunaitafuta.

Menya machungwa yako kama yule jamaa wa stendi, juu juu, uchukue kijani tu. Nyeupe ya chini ndo yenye uchungu, ikiwepo kidogo kama ukungu sio mbaya, ila ganda likiwa na unene wa nyeupe unaoonekana ukiligeuza, lilaze mezani upande wa kijani chini ukwangue kwa kisu. Ukimaliza uwe na maganda ya machungwa manne au matano, karibu konzi mbili.

Weka maganda kwenye kinu au bakuli zito, mwagia sukari gramu 150 (kama huna mizani, robo tatu ya kikombe cha mililita 250). Sukari ya kawaida ya dukani inatosha, hata ile ya kahawia kidogo. Sukari guru nimeijaribu, ina ladha nzuri sana na bourbon lakini ina kelele zake mwenyewe, chungwa halisikiki, kwahiyo kwa shira hii iache. Twanga kidogo kidogo, hutaki uji, unataka maganda yachubuke na sukari iyakwangue, dakika mbili tatu mpaka sukari ianze kulowa na jikoni kote kunukie. Funika, acha mezani mahali pasipo na jua, masaa manne kwa uchache, nane ni bora zaidi, na kila ukipita geuza kwa kijiko. Kwa joto la Dar inaenda haraka, utakuta sukari imegeuka tope linalong'aa na chini kuna kimiminika kizito cha manjano. Hicho kimiminika ndo mali.

Sasa mimina maji mililita 100 ya uvuguvugu wa moto, sio ya kuchemka, koroga mpaka sukari yote iyeyuke, chuja kwa chujio la chai na uyaminye yale maganda vizuri kwa mgongo wa kijiko maana yameshika shira nyingi. Utapata kama mililita 180, inatosha glasi zaidi ya ishirini. Weka kwenye chupa iliyooshwa kwa maji ya moto, friji, wiki mbili. Haitaoza kirahisi lakini harufu inapungua kila siku kwahiyo usiitunze kama urithi. Maganda yaliyobaki usitupe! Yatandaze kwenye sinia yakauke, ukikata kipande ukatia kwenye chai ya rangi na tangawizi utanishukuru.

Hatua ya pili: barafu

Watu wanadharau barafu na ndo nusu ya kinywaji. Vipande vidogo vya barafu vinayeyuka haraka, na kwa joto letu dakika tano tu unakunywa maji ya wiski. Kwa glasi ya kunywea unataka pande moja kubwa, la sentimita tano hivi kila upande. Chukua kikombe kidogo cha plastiki au kopo la mtindi, jaza maji, gandisha, basi.

Ukitaka barafu inayoonyesha ng'ambo kama kioo, tumia hotipoti. Chukua hotipoti ndogo inayoingia kwenye friza, jaza maji mpaka sentimita mbili chini ya ukingo, USIFUNIKE, iache kwenye friza masaa 18 hivi. Kwa sababu pembeni na chini kumezibwa joto, maji yanaganda kutoka juu kwenda chini, na hewa pamoja na uchafu vinasukumwa chini kwenye maji ambayo bado hayajaganda. Itoe kabla haijaganda yote, geuza, mwaga yale maji ya chini, na juu una bamba la barafu safi kabisa. Usisahau ikaganda mpaka chini maana barafu inatanuka na hotipoti itapasuka. Likate kwa kisu cha mkate: chora mstari, gonga taratibu kwa mwiko, linakatika lenyewe. Barafu ikitoka kwenye friza usiimwagie pombe hapo hapo, itapasuka nyufa, iache mezani dakika tatu nne mpaka ule ukungu mweupe wa juu uondoke.

Hatua ya tatu: kukoroga

Kwenye glasi kubwa weka shira mililita 7 na nusu, Angostura mitikiso miwili, alafu bourbon mililita 60. Angostura ni kile kichupa chenye lebo ya karatasi kubwa kuliko chupa yenyewe, ni dawa chungu ya mizizi na viungo aliyoitengeneza daktari Mjerumani Johann Siegert huko Venezuela mwaka 1824 kwa ajili ya matumbo ya askari, siku hizi inatengenezwa Trinidad. Bei yake inatisha ila kichupa kimoja kinakaa miaka.

Ukiikosa kabisa tengeneza hii, sio Angostura lakini inafanya kazi: vodka mililita 100, maganda makavu ya machungwa mawili au danzi moja (hapa acha nyeupe yake, tunautaka uchungu), kijiti cha mdalasini cha sentimita tatu, iliki mbili zilizopasuliwa na karafuu nne. Karafuu zitoe baada ya siku moja, zikibaki zitafunika kila kitu, vingine viache siku tano ukitikisa kila siku, chuja. Tumia nusu kijiko cha chai kwa glasi.

Sasa jaza barafu ya kawaida kwenye hiyo glasi kubwa, vile vipande vidogo hapa vinafaa, na koroga. Usitikise. Kutikisa kunaingiza hewa na kunafanya kinywaji kiwe cha ukungu, hiyo ni kwa vinywaji vyenye juisi. Koroga kwa utulivu, kijiko kikizunguka pembeni ya glasi, sekunde 25 mpaka 30 kama barafu yako ni kavu kutoka friza, sekunde 15 tu kama ilishaanza kulowa. Hapa hatupozi tu, tunaongeza maji kwa makusudi, kama mililita 15 mpaka 20, ndo yale maji ya mapishi ya 1806. Onja kwa kijiko sekunde ya 15 alafu onja tena ya 30, utasikia pale ukali unapovunjika na chungwa linapojitokeza, na ukishalisikia mara moja hutahitaji kuhesabu tena.

Weka pande lako kubwa kwenye glasi ya kunywea, chuja kinywaji juu yake.

Hatua ya nne: ganda bichi

Hii usiiruke hata kama umechoka. Shira imeleta chungwa mdomoni, ila chungwa la puani linaletwa na ganda bichi linalokamuliwa dakika hiyo hiyo, na pua ndo inayoonja zaidi ya ulimi.

Kata ganda la upana wa vidole viwili na urefu wa kidole cha kati, kijani tu tena. Lishike kwa vidole vya mikono yote miwili, upande wa kijani ukiangalia kinywaji, kama sentimita kumi juu ya glasi, alafu likunje kwa ghafla kama unavunja kijiti. Ukiwa karibu na taa utaona kabisa manyunyu madogo yanaruka. Hayo zaidi ya asilimia 90 ni limonini, kemikali ya harufu iliyomo kwenye maganda ya machungwa, yanaelea juu ya kinywaji, kwahiyo kila ukiinua glasi yanakukuta kwanza. Pitisha upande wa kijani kwenye ukingo wa glasi mzunguko mmoja, sio miwili, ukizidisha midomo itawasha. Alafu lizungushe kwenye kidole lijisokote na uliache kwenye glasi, au ulitupe kama lilibaki na nyeupe nyingi, maana likikaa humo nusu saa litatoa uchungu.

Kuna wanaowasha moto. Dale DeGroff, mtengeneza kokteili, alipokuwa baa ya Rainbow Room pale New York alilifanya jambo hili lijulikane sana: unawasha kiberiti, unaacha kwanza ile baruti ya kichwani iungue yote maana inanuka, unalipitisha ganda juu ya moto kulipasha, alafu unalikamua yale manyunyu yapite kwenye moto kuelekea glasi. Linatoa cheche, kweli, na harufu inageuka kuwa ya karameli. Mi naona linapunguza ule ubichi nilioupenda kwenye ganda la kijani, kwahiyo nafanya kwa wageni tu. Chupa ya bourbon iwe mbali na imefungwa, na nywele ndefu zifungwe.

Ukionja ukaona haiko sawa

Tamu sana: usiongeze bourbon kwenye glasi, ongeza mtikiso mmoja wa Angostura kwanza, mara nyingi inatosha, na glasi ijayo shuka mpaka mililita 5 za shira. Chungu kama panadol: ganda lako lilikuwa na nyeupe, au uliliacha kwenye sukari likiwa na nyeupe, hiyo shira haiponi, itumie kwenye chai. Kali inachoma: hukukoroga vya kutosha, rudisha kwenye barafu sekunde kumi. Inanukia wiski tu hakuna chungwa: chungwa lilikuwa limezeeka au ulikamua ganda ukiwa mbali sana au upande uligeuka, inatokea.

Na tafadhali usiponde kipande cha chungwa chini ya glasi. Niliwahi kuagiza hii kokteili baa moja hapa mjini nikaletewa glasi yenye nusu chungwa lililopondwa na nyama na mbegu zake, limechanganyika na soda. Mtindo huo upo Marekani kweli, karne ya 20 baa nyingi ziliponda chungwa na cheri, na watu wa Wisconsin mpaka leo wanakunywa hivo kwa brandi na soda na wanakipenda, hicho ni kinywaji chao na wana haki nacho. Ila juisi ya chungwa haina uchachu wa kutosha kusimama mbele ya bourbon, inaleta maji na utamu tu, na ule uzito wa Old Fashioned unaondoka.

Jambo moja la hesabu. Glasi hii ukitumia bourbon ya 45 inatoka na nguvu ya asilimia 31 au 32 hivi, na pombe halisi iliyomo inazidi kidogo ile ya chupa ya bia ya mililita 500 yenye asilimia 5. Inateremka kirahisi kwa sababu ya chungwa, mtu hasikii. Kwahiyo mgeni akiongeza ya pili mjulishe ni ya pili, na mwenye gari muitie bodaboda au alale hapo.

Wageni wakiwa kumi

Usikoroge glasi kumi, utaukosa usiku wako mwenyewe. Asubuhi changanya bourbon mililita 600, shira 75, Angostura mitikiso 15 (onja, fika 20 ukitaka) na maji safi ya kunywa mililita 160, ndo yale ambayo barafu ingeyeyusha. Inakuwa karibu mililita 850 kwahiyo haiingii kwenye chupa ya bourbon uliyoimaliza, tafuta ya lita moja. Friji mchana kutwa, alafu saa moja au mbili kwenye friza kabla wageni hawajafika, usiilaze humo usiku kucha inaweza kuanza kuganda. Wageni wakija unamimina tu mililita 85 juu ya pande la barafu. Maganda usiyakate mapema, kata kila moja mbele ya mgeni na umkamulie mwenyewe.

Kama lazima iwe na juisi

Basi hama kabisa, tengeneza kokteili nyingine, Gold Rush, iliyoanzia baa ya Milk & Honey huko New York miaka ya 2000 mwanzoni. Bourbon mililita 60, juisi ya limau iliyokamuliwa sasa hivi mililita 20, na asali iliyolainishwa kwa maji ya moto (asali vipimo vitatu kwa maji kipimo kimoja) mililita 20. Asali ya Tabora ile nyeusi yenye moshi kidogo inakaa hapa kama imetengenezewa. Hii ndo ya kutikisa: chupa ya jamu yenye kifuniko kinachobana, barafu nyingi, sekunde 12 kwa nguvu, chuja juu ya barafu mpya. Nusu ya asali ukiibadilisha na ile shira yetu ya maganda, harufu ya chungwa inaingia bila juisi ya chungwa, na limau ndo linashika uchachu.

Asiyekunywa pombe

Nyumbani kwangu wapo, na sipendi wapewe soda wakati wengine wana glasi nzuri. Chemsha chai ya rangi nzito, majani vijiko viwili vya chai kwa kikombe kimoja, dakika tano, chuja, ipoze kabisa kwenye friji. Chukua mililita 90, tia shira ya maganda mililita 10, karafuu moja iliyolowekwa kwenye ile chai tangu mwanzo, koroga kwenye barafu sekunde kumi tu maana hii haina pombe ya kuvumilia maji, mimina juu ya pande kubwa. Angostura usiweke, ile yenyewe ni pombe ya karibu asilimia 45. Ule ukakasi wa chai unakaa mahali pa pipa la mwaloni. Alafu kata ganda bichi, shika sentimita kumi juu, kunja kwa ghafla, na hilo ganda usimbanie, liwe zuri kama la wengine.